Maji yaliyo chini ya shamba langu ni ya nani? Hiware Bazar na hesabu ya mvua

Kila mwaka mvua za monsuni zinapokatika, watu wa kijiji cha Hiware Bazar hukutana kupiga hesabu ya maji. Husomwa kipimamvua kimeonyesha milimita ngapi tangu Juni. Hutajwa kina cha maji katika visima vilivyoteuliwa kuwa vya kupimia. Kwa tarakimu hizo kijiji hukadiria ardhi yake imebeba maji kiasi gani, kisha matumizi hukatwa moja baada ya jingine: kwanza maji ya kunywa na ya nyumbani, halafu ya mifugo, halafu akiba. Kinachosalia ndicho cha mashamba, na hapo mkulima hujua kama mwaka huu atapanda ngano na vitunguu au atabaki na dengu na mtama.

Kijiji hicho kiko wilaya ya Ahmednagar, jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India. Wilaya yenyewe ilibadilishwa jina mwaka 2024, sasa inaitwa Ahilyanagar. Wakazi ni kama 1,300 na eneo lote halifiki hekta 1,000. Magazeti ya India hupenda kukiita kijiji cha mamilionea, kwa sababu familia zaidi ya 50 zilitajwa kuwa na mali ya zaidi ya rupia laki kumi, yaani milioni moja. (Laki yetu tumeipata hukohuko kwao, na maana ni ileile.) Mimi jina hilo la mamilionea silipendi. Linavuta macho kwenye fedha, ilhali jambo la ajabu la kijiji hiki ni kwamba mtu mwenye kisima kilichojaa, katika shamba lake mwenyewe, hukubali kuambiwa asivute maji.

Ili kuona ugumu wa jambo hilo, anza na sheria. Tangu sheria ya Kiingereza ya mwaka 1882 kuhusu haki za matumizi ya ardhi, mwenye shamba nchini India ana haki ya kuchimba na kuvuta maji yaliyo chini ya ardhi yake bila kupimiwa. Zamani, alipokuwa na kamba, ndoo ya ngozi na jozi ya ng'ombe, haki hiyo haikumdhuru jirani sana. Zilipokuja pampu za umeme na mitambo ya kutoboa miamba, mambo yaligeuka. Maji ya ardhini hayajui mpaka wa shamba. Anayechimba futi 300 hukausha kisima cha futi 40 cha jirani, na jirani akipata mkopo huchimba futi 500. Leo India huvuta kama kilomita za ujazo 250 za maji ya ardhini kila mwaka, kama robo ya yote yanayovutwa duniani, na sehemu kubwa mno huishia mashambani.

Jiwe lisilofyonza

Maharashtra ina shida ya ziada, nayo ni mwamba wake. Sehemu kubwa ya jimbo hilo imekaa juu ya basalti, matabaka ya lava iliyomwagika yapata miaka milioni 66 iliyopita. Basalti si kama mchanga unaofyonza na kuhifadhi maji. Maji hukaa katika tabaka la juu lililooza na kulegea, na katika nyufa zilizomo ndani ya jiwe. Hifadhi yenyewe ni ndogo: ikijaa hujaa upesi, ikivutwa huisha upesi. Kisima kirefu kinachotoboa jiwe hadi chini hakigundui mto uliofichika huko. Mara nyingi hunyonya maji yaleyale ya juu yaliyoshuka kupitia nyufa, au hufikia akiba ya kale isiyorudishiwa haraka.

Juu ya hayo, mvua yenyewe ni haba. Upepo wa monsuni hutoka Bahari ya Arabu ukiwa umejaa unyevu, ukagonga milima ya Sahyadri, ukamwaga karibu mzigo wote upande wa bahari. Mahabaleshwar, juu milimani, hupata zaidi ya milimita 5,000 kwa mwaka. Hiware Bazar, upande wa kisogo wa milima hiyohiyo, mara nyingi haipati hata 400. Na hizo kidogo hushuka kwa siku chache, kwa nguvu, kati ya Juni na Septemba. Mlima ukiwa umenyolewa miti, maji huteremka na udongo, yakapita kijijini kama mgeni asiye na salamu, na Januari visima vimeshakauka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hapo baada ya ukame mkubwa wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kijiji kilikuwa na sifa ya wanamieleka. Mieleka ni mchezo unaoheshimiwa sana mashambani Maharashtra. Mvua zilipokosekana mfululizo, watu walikata miti ya mlimani wauze kuni, na mlima ukaacha kabisa kushika maji. Wenye nguvu walihamia Mumbai na Pune kutafuta vibarua. Waliobaki walipika pombe. Vilabu vya pombe vilihesabiwa 22 katika kijiji hicho kidogo, ugomvi na visa vya mauaji vikawa habari za kawaida, na watumishi wa serikali waliopangiwa kazi huko waliona wameadhibiwa.

Mwaka 1989 vijana walimsukuma kijana mmoja agombee uongozi. Popatrao Pawar alikuwa ndiye mwenyeji pekee mwenye shahada ya uzamili, ya biashara, na nyumbani kwao walitumaini atakuwa mchezaji wa kriketi. Alipita bila kupingwa, akawa sarpanch.

Sarpanch ni nani, na kikao ni cha nani

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana faida. Kijiji cha India kina mkutano wa watu wazima wote waliojiandikisha kupiga kura, unaoitwa gram sabha. Mtanzania autazame kama mkutano mkuu wa kijiji. Chini yake kuna gram panchayat, halmashauri ya wajumbe waliochaguliwa kitongoji kwa kitongoji, na kiongozi wake ndiye sarpanch. Neno panchayat lina "tano" ndani yake, kwa wazee watano walioketi kuamua kesi.

Panchayat ni za kale, lakini hizi za leo zimeundwa na sheria. Marekebisho ya 73 ya Katiba, yaliyoanza kutumika tarehe 24 Aprili 1993, yaliagiza kila jimbo liwe na ngazi za panchayat, uchaguzi ufanyike kila miaka mitano, viti vitengwe kwa watu wa matabaka yaliyokandamizwa kulingana na idadi yao, na angalau theluthi moja iwe ya wanawake. Maharashtra baadaye ilipandisha fungu la wanawake hadi nusu. Wapo masarpanchi wanawake walioendesha vijiji vyao kwa nguvu, na wapo ambao muhuri uko mkononi mwa mume. Wahindi wana jina kabisa la mume wa namna hiyo, sarpanch pati.

Kuhusu kijiji chenyewe, India imebishana tangu kabla ya uhuru. Gandhi alitamani taifa la vijiji vinavyojitosheleza, kila kimoja jamhuri ndogo. B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati ya kuandika rasimu ya Katiba, alisimama bungeni tarehe 4 Novemba 1948 akasema kinyume: kwake kijiji kilikuwa tundu la ujinga, fikra finyu na ubaguzi. Hakusema hivyo kwa dharau ya msomi wa mjini. Alizaliwa katika tabaka la Mahar, na alijua kijiji cha Maharashtra kimejengwaje.

Kilijengwa kwa kazi za kurithi. Mfumo huo uliitwa balutedari: seremala, mhunzi, mfinyanzi, kinyozi, dobi, fundi ngozi na wengine, kwa desturi kumi na wawili, walimhudumia mkulima mwaka mzima, na wakati wa mavuno kila mmoja akapewa fungu lake la nafaka. Ukiutazama kwa mbali unaonekana ni kusaidiana. Ukiutazama kwa macho ya Mahar, ni kuzaliwa umeshapangiwa kubeba mizoga ya wanyama, kulinda mpaka na kukimbiza barua za wakubwa, ukaishi nje ya kijiji, na usiguse kisima cha wengine. Maji ndiyo yaliyokuwa mstari wenyewe. Mwaka 1923 baraza la kutunga sheria la Bombay lilipitisha azimio kwamba visima na mabwawa ya umma yawe wazi kwa watu wote, na halikutekelezwa. Tarehe 20 Machi 1927 Ambedkar aliongoza maelfu ya watu katika mji wa Mahad hadi bwawa la Chavdar, akachota kwa viganja, akanywa, nao wakanywa. Walishambuliwa na kupigwa. Bwawa likafanyiwa tambiko la kutakaswa, kana kwamba midomo yao ilikuwa imelichafua.

Nimekaa kidogo kwenye habari hii kwa makusudi. Mtu akisema kijiji cha India kiliamua maji kuwa mali ya wote, lazima tukumbuke neno "wote" limewahi kuwa na mipaka mikali kiasi gani. Katiba ilipiga marufuku unajisi wa tabaka kwa kifungu cha 17. Kwenye visima vingi vya vijijini, vita hiyo haijaisha.

Kanuni tano

Mfano wa kuiga ulikuwa karibu. Katika wilaya hiyohiyo kipo kijiji cha Ralegan Siddhi, ambako Anna Hazare, aliyekuwa dereva wa jeshi, alianza kukinga maji ya mvua katikati ya miaka ya 1970. Pawar na wenzake walichukua huko kanuni zinazoshika kumbukumbu kwa sababu nne kati yake huishia na neno bandi, yaani katazo. Kurhadbandi, shoka marufuku, miti isikatwe. Charaibandi, mifugo isiachiwe mlimani. Nashabandi, pombe mwisho. Nasbandi, uzazi wa mpango. Ya tano ni shramdan, sadaka ya jasho, kazi ya kujitolea kwa siku zilizopangwa. Kwa Wapare tungesema msaragambo.

Kati ya hizo, ya mifugo ndiyo iliyogeuza ardhi, na ndiyo ngumu kuliko zote. Ng'ombe na mbuzi wakizuiwa kupanda mlimani, nyasi huota, zikakatwa kwa mundu na kupelekwa zizini. Mwenye ng'ombe wa maziwa hufaidika. Katikati ya miaka ya 1990 kijiji kilitoa kama lita 150 za maziwa kwa siku, na baadaye kikafikia 4,000 hivi. Lakini mtu asiye na shamba, ambaye utajiri wake ni mbuzi sita wanaojitafutia majani, katazo hilo humgusa tumboni. Miradi mingi ya kukinga maji nchini India imekwama papo hapo: aliye bondeni anapata kisima kilichojaa, aliye juu anapoteza malisho. Hiware Bazar ilijaribu kuwapunguzia walioathirika mzigo. Wapishi wa pombe, kwa mfano, walisaidiwa kupata mikopo ya benki waanze kazi nyingine.

Kazi ya kuchimba ililipiwa na serikali. Maharashtra ilikuwa na Mpango wa Dhamana ya Ajira, uliozaliwa na ukame uleule wa miaka ya 1970: raia wa kijijini akiomba kazi ya mikono, serikali impe. (Mpango huo ndio uliokuwa kielelezo cha sheria ya taifa zima ya mwaka 2005, iliyoahidi kila kaya ya kijijini siku 100 za kazi kwa mwaka.) Kwingine fedha hizo ziliishia kwenye barabara za vumbi zilizofagiliwa na mvua ya kwanza. Hiware Bazar ilizipeleka mlimani. Walichimba mitaro mirefu inayofuata usawa wa mwinuko, udongo ukatupwa upande wa bondeni kuwa tuta, ili maji yasimame na kuzama badala ya kukimbia. Wakulima wa Machakos na Kitui wana ndugu wa tuta hilo, ila wao huutupa udongo upande wa juu, na jina lao la fanya juu limeingia katika vitabu vya kilimo duniani bila kutafsiriwa. Kwenye makorongo waliweka makinga maji ya mawe, na chini wakajenga malambo ya kunywesha ardhi. Mwaka 1994 kijiji kiliingizwa katika mpango wa jimbo wa vijiji vya mfano, kazi ikapata fedha zaidi.

Maji yakarudi. Visima vilivyochimbwa kwa mkono viliongezeka kutoka 97 hadi 217. Familia zilizokwenda mjini zilianza kufunga virago kurudi. Mwaka 1995 familia 168 zilihesabiwa kuwa chini ya mstari wa umaskini. Miaka kumi na tano baadaye zilitajwa tatu.

Simulizi nyingi huishia hapo, na kwa maoni yangu zinaacha nusu iliyo nzito. Vijiji vingi vya Maharashtra vimechimba mitaro, vikaona maji yakipanda, na kabla ya miaka mitano vimekauka tena, kwa sababu maji yaliporudi kila mtu alipanda miwa. Mitaro huongeza kinachoingia. Haina neno kuhusu kinachotoka. Hiware Bazar ilikataza visima virefu vya kutoboa jiwe kwa ajili ya umwagiliaji. Ikakataza miwa na migomba, mazao yanayokunywa mwaka mzima. Ikazuia kuuza ardhi kwa watu wa nje, maana mnunuzi kutoka mjini hafungwi na ahadi aliyoitoa jirani. Kisha, tangu 2004 hivi, ikaongeza ile hesabu ya kila mwaka, kwa msaada wa wataalamu wa serikali wa maji ya ardhini.

Uzito wa katazo la miwa hauonekani mpaka umjue muwa wa Maharashtra. Kiwanda hununua kwa bei inayojulikana, mkulima hana wasiwasi wa soko, na wanasiasa wengi wakubwa wa jimbo wamepanda kupitia vyama vya ushirika vya sukari. Muwa unachukua sehemu ndogo ya mashamba ya jimbo, lakini unakunywa zaidi ya nusu ya maji ya umwagiliaji. Aprili 2016 mji wa Latur, ulio katika ukanda wa miwa, ulikauka hadi ikabidi treni ilete maji ya kunywa kutoka Miraj, safari ya zaidi ya kilomita 300. Na katika ukame wa 2012 na 2013, wakati maelfu ya vijiji vya Maharashtra yakisubiri boza, Hiware Bazar ilikunywa kutoka visima vyake.

Nani husema ndiyo

Katazo linalokubaliwa na kijiji kizima hunifurahisha na kunitia mashaka kwa wakati mmoja. Neno nasbandi peke yake lina kidonda. Kati ya 1975 na 1977, chini ya hali ya hatari, serikali ya India iliwafunga uzazi mamilioni ya wanaume, wengi kwa kulazimishwa, na maskini ndio waliokamatwa zaidi. Kule Ralegan Siddhi, walevi waliwahi kufungwa nguzoni na kuchapwa, na Hazare mwenyewe amelisema hilo hadharani. Hiware Bazar kwa upande wake iliweka sharti la kupima virusi vya UKIMWI kabla ya ndoa. Ukiwa ndani ya kijiji kidogo ambako jirani, mkopeshaji na mjumbe wa panchayat wanaweza kuwa mtu mmoja, hiari na shinikizo hukaa jirani sana.

Kuna pia suala la mtu mmoja. Pawar amekuwa mhimili wa kijiji kwa zaidi ya miaka 30. Serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri mwaka 2020. Kwa muda wote huo panchayat iliundwa kwa makubaliano, bila sanduku la kura. Januari 2021 baadhi ya wanakijiji walisimamisha wagombea, uchaguzi ukafanyika kwa mara ya kwanza baada ya miongo mitatu, na kundi la Pawar likashinda. Wapo waliouona uchaguzi huo kama ufa. Mimi nauona kama jambo la afya: makatazo makali kiasi hiki yanastahili kupigiwa kura angalau mara moja.

Na ni haki kusema kwamba kijiji kilikuwa na wepesi fulani. Ni kidogo, na wengi wao ni wa jamii moja ya wakulima, Wamaratha, kwa hiyo uhasama wa matabaka haukuwa na uzito ulio nao kwingine. Familia ya Kiislamu ilikuwa moja tu, na kijiji kiliijengea msikiti. Nakipenda kitendo hicho, ingawa najua kumjengea jirani mmoja msikiti ni rahisi kuliko kugawana maji na nusu ya kijiji ambayo babu zako waliifukuza kisimani.

Lakini wepesi huo hauelezi kila kitu, maana wilaya ina vijiji vingine vidogo vya Wamaratha vilivyokauka. Kikao cha baada ya mvua ndicho kinachobaki. Mwaka mvua inapokuwa haba, tarakimu husomwa mbele ya watu wote, mwenye ekari ishirini na mwenye ekari moja wakisikia kitu kilekile. Vitunguu vina bei nzuri sokoni. Maji yapo, mtu anayaona kila asubuhi akichungulia kisimani kwake. Naye huenda akapanda dengu, ambazo huvumilia kwa umande na unyevu uliobaki ardhini, pampu ikikaa kimya hadi mwezi wa Mei, joto linapofika nyuzi 40, wanawake wanapokwenda kuchota na kukuta maji.